Buti za Kikauboi kwa Mwanaume: Anzia Chini, Mbuni Baadaye

Ijumaa moja kabla ya rodeo ya Houston, Texas, yale mashindano ya makauboi, kufunguliwa, mji mzima huvaa kikauboi. Wanaiita Go Texan Day. Mhasibu, nesi, mwalimu wa chekechea, hata meneja ambaye hajawahi kumshika ng'ombe mkia, wote wanafika kazini na buti. Sisi Wakenya tunaoishi hapa hatuhitaji kubembelezwa. Tumelelewa na redio zilizokuwa zikipiga kantri, na wajomba wetu wanazijua zile nyimbo kwa moyo. Kwa hivyo msimu huo simu yangu haipumziki. Swali ni lile lile, ninunue gani, na kila anayeuliza tayari macho yake yako kwenye ngozi ya mbuni.

Kaka, acha mbuni kwanza. Pindua buti uangalie soli na kisigino. Hivyo ndivyo vitakavyoamua utazivaa wapi.

Kile kisigino kirefu, inchi moja na nusu hadi mbili, kilichochongwa kuingia ndani, kazi yake ni kuzuia mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko ukaburutwa farasi akitimka. Soli ya ngozi ni laini ili mguu uchomoke haraka, na kamba hakuna kwa sababu hiyo hiyo. Mambo mazuri ukiwa juu ya farasi. Lakini ukumbi wa harusi ukiwa umetoka kupigwa deki, soli mpya ya ngozi itakutembeza bila ruhusa yako. Zisugue kwanza kwenye lami au saruji mpaka zikwaruzike. Zikishakwaruzika, hakuna soli tamu kama hiyo usiku wa mugithi: unageuka nayo, goti halilalamiki. Soli ya mpira hushika sakafu, wewe unazunguka, mguu unabaki.

Kazini ni habari nyingine. Ninafanya kazi ghalani, zamu ya kusimama, na navaa Ariat za ncha ya mraba, soli ya mpira, zenye kinga ngumu ya vidole isiyo ya chuma. Sura yake si ya kutamanisha. Zinatia joto pia, mwezi wa Agosti soksi utazikamua. Lakini ncha ya mraba inaviachia vidole nafasi, na mafuta yakimwagika sakafuni sitelezi. Za namna hii usizipeleke kanisani, zinapiga kelele kwamba umetoka kazini.

Za kanisani, harusini na msibani ninazo nyeusi za Lucchese, kampuni iliyoanza San Antonio mwaka 1883 na sasa iko El Paso. Bei yake inauma, sitaficha. Ila pindua moja uone: pale katikati ya soli, mbele kidogo ya kisigino, kuna safu za vidoto vya mbao. Ni vijiti vilivyopigwa badala ya misumari. Mbao na ngozi huvimba na kunywea pamoja zikiloa na kukauka, ndiyo maana havilegei upesi. Soli ikiisha, fundi anabandua anashona nyingine, buti inaendelea. Linganisha na zile za bei ya kutupa za mtandaoni: uzi unauona ukingoni, lakini haushiki chochote, kilichoshika ni gundi. Ziache ndani ya gari kwenye jua la Texas uone soli inavyofungua mdomo.

Na tafadhali, suruali. Suti ya miguu ya kubana juu ya buti inakutoa uvimbe kwenye muundi, na picha za harusi hazifutiki. Suruali ianguke juu ya buti, basi. Msibani chagua nyeusi isiyo na mapambo mengi ya uzi.

Sasa kama una hela ya jozi moja tu, chukua ropa ya ngozi ya ng'ombe, ya kahawia. Shingo fupi, ncha ya mviringo, kisigino cha inchi moja hivi. Zilitengenezewa wanaonasa ndama kwa kamba, ambao lazima waruke kutoka kwa farasi na kumkimbilia. Za kampuni ya Justin hazivunji benki, na zinakwenda ofisini, rodeo, nyama choma, hata kanisani ukizipiga rangi. Rodeo penyewe kuna vumbi, bia inayomwagika na mavi ya ng'ombe. Ngozi ya mbuni unaipeleka huko kufanya nini?

Kujaribu, nenda dukani, usiagize. Mimi huenda Cavender's, jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi nitakazovaa. Mguu ukiingia sawasawa utasikia "pop", kama kizibo kikichomoka chupani. Juu ya mguu pabane, kwa kuwa hakuna kamba ya kukaza. Kisigino kucheza kidogo siku za kwanza ni kawaida. Soli ikianza kukunjika kinatulia. Wengi wetu tuliokulia pekupeku tuna miguu mipana, na dawa si kuongeza namba. Omba upana wa EE, namba ibaki ile ile.

Haya, mbuni. Vile vivimbe ni mahali manyoya yalipoota, na vimejaa mgongoni tu, ndiyo maana kipande hicho ni ghali. Ngozi yenyewe ni laini tangu siku ya kwanza. Iwe jozi yako ya pili. Chatu na mamba, ukipanga kusafiri nazo kuja nyumbani Kenya, uliza kwanza habari ya kibali cha CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini.

Na binamu zangu wa Eldoret mnaosubiri niwatumie: nichoreeni wayo wa miguu yote miwili kwenye karatasi, jioni, mkiwa mmesimama.