Tathmini ya kozi ya sauti kuhusu historia ya mataifa makubwa
Kozi hii, inayoanzia Mkutano wa Vienna wa 1814–1815 na kuishia kuvunjika kwa Muungano wa Kisovieti mwaka 1991, inang'ara zaidi inapofikia mgogoro wa makombora ya Cuba wa Oktoba 1962, kwani mhadhiri anafafanua kwa utulivu jinsi Rais Kennedy wa Marekani alivyokubali kwa siri kuyaondoa makombora ya nchi yake ya Jupiter yaliyokuwa Uturuki, huku Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, akiyarudisha yake nyumbani kutoka Cuba. Udhaifu wake, nao si mdogo, ni kwamba Mkutano wa Bandung wa 1955, uliozikutanisha nchi 29 za Asia na Afrika, umepewa sentensi moja tu, kana kwamba nchi hizo hazikuwa na sauti yoyote. Usikivu ni mzuri. Ramani hazikuambatanishwa, hivyo msikilizaji atahitaji atlasi.