Uzoefu wangu: nyumba ya wastaafu yenye mhudumu, Pangani

Mimi ni mwalimu mstaafu. Watoto wangu wana familia zao Dar na Arusha, nami nimepanga chumba Pangani, katika nyumba kongwe karibu na mto inayopokea wastaafu. Kila mtu ana chumba chake, jiko na baraza ni vya wote, na mhudumu analala humo humo.

Huyo mhudumu ndiye sababu ya mimi kubaki. Alfajiri anapita mlango kwa mlango, "Shikamoo mwalimu, umeamkaje?", na habanduki mpaka aitikiwe. Usiku presha iliponipanda hakungoja kuche. Aliita bajaji tukaenda hospitali ya wilaya, akakaa nami mpaka niliporuhusiwa. Kadi ya bima ya afya ya NHIF ninayo ya ustaafu, lakini kadi haikushiki mkono usiku wa manane.

Nyumba yenyewe ni ya mawe na chokaa, kuta nene, hata joto la Februari likiwaka nje ndani kuna ubaridi. Ila waliojenga hawakuyafikiria magoti ya wazee. Ngazi zimesimama wima na vizingiti viko juu. Chukua chumba cha chini, usishawishiwe na cha ghorofani eti kinatazama mto. Masika ukuta unatoa unyevu na chokaa inabanduka, kwa hiyo kitanda kikae mbali nao.

Kilichoniudhi ni choo. Sakafu ilikuwa inateleza, tukaomba vyuma vya kushikilia, tukapewa ahadi juu ya ahadi. Vilifungwa baada ya mzee mwenzetu kuanguka na kuvunjika nyonga. Bado naumia nikilikumbuka.

Chakula ni kizuri, samaki wabichi na wali wa nazi. Mwenye presha aseme mapema apunguziwe chumvi. Jioni tunacheza bao barazani huku pantoni ikivusha watu kwenda Bweni. Habari za Abushiri, aliyeongoza vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, nilizifundisha ubaoni miaka mingi, na sasa naishi katika mji ule ule Wajerumani walikomnyonga mwaka 1889. Kwangu hilo ni jambo kubwa.

Kabla hujalipa, dai mkataba wa maandishi unaotenganisha kodi ya chumba na malipo ya huduma. Uliza pia nani anashika zamu mhudumu akienda likizo. Wetu alikwenda kwao Idi, hakuletwa mwingine, tukabaki wazee watupu ndani ya nyumba na pesa ya huduma tumeshalipa.