Canon EOS R50: kamera ndogo ninayomshauri anayeanza, na lenzi ya kuiongezea

Mtu akiniuliza anunue kamera gani ya kuanzia, ndogo na isiyo na kioo cha ndani, namtajia Canon EOS R50. Hapohapo namwambia asiimalize hela yote kwenye kamera, abakize ya lenzi ya pili. Mimi ninayo, naitumia hapa Unguja kwa shughuli za harusi upande wa akina mama, kwa watoto ufukweni na kwa matembezi ya jioni, na kazi hizo tatu ndizo zilizonionesha inaweza nini na inakwama wapi.

Niseme uzito kwanza. Ikiwa na betri na memori kadi ina gramu 375, na lenzi ya 18-45mm inayouzwa nayo ina gramu 130. Yote pamoja hayafiki hata uzito wa bodi tupu ya kamera nyingi za zamani za harusini. Naitia kwenye mkoba wangu wa kila siku, na kwa sababu hiyo ninayo siku ambazo hakuna kazi wala shughuli, siku ambazo mtu hujifunza kwelikweli.

Wepesi huo umetokana na kuondolewa kioo ambacho katika kamera za zamani kilirusha mwanga juu kwenye kidirisha cha kutazamia. Hapa mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye sensa, yaani kipande kinachonasa picha, na ukiweka jicho kidirishani unaona skrini ndogo inayokuonesha picha kama itakavyotoka. Ukizidisha mwanga, unauona umezidi kabla hujabonyeza. Kwa mwanafunzi, sijaona mwalimu bora kuliko hicho kidirisha. Nenda Jambiani saa sita mchana, mchanga ule mweupe unavyong'aa, ujaribu kusoma skrini ya nyuma: huoni kitu isipokuwa uso wako. Ndiyo maana Sony ZV-E10 ya mwaka 2021, ambayo vijana wengi wanaipenda kwa video, sikuichukua. Haina kidirisha kabisa, na kwa mtu wa pwani hilo ni pengo kubwa.

Sasa suala la ngozi zetu, ambalo watu wa madukani hawalisemi. Kamera yoyote hupima mwanga ikidhani kwamba picha nzima, ukiichanganya, itatoka kijivu cha wastani. Msimamishe binti mweusi mbele ya mchanga mweupe, kamera itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso utatoka kama kivuli. Naweka kwenye Av, ambapo mimi nachagua ufunguzi wa lenzi na kamera inapanga kasi, naongeza mwanga nusu hatua hadi hatua moja, nautazama uso kidirishani mpaka macho na mashavu yafunguke. Mtu mwenye kanzu nyeupe juani ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu ukimfungulia uso, kanzu inaungua na mishono yake inapotea. Huyo namvuta kivulini, na napiga RAW, faili ghafi inayobaki na kila kitu sensa ilichokiona, ili nyumbani niinue uso peke yake. Programu ya Canon ya kusafishia faili hizo, Digital Photo Professional, ni ya bure.

Fokasi haina maneno mengi. Inashika jicho, inalifuata, mtoto akikimbia inakimbia naye. Nimewapa kamera wadogo zangu wasiojua chochote na wamerudi na picha kali. Video ya 4K nayo inatoka bila kukatwa pembeni, na tundu la maikrofoni lipo.

Tatizo linaanza jua likizama. Lenzi ile ya 18-45mm ukiivuta mpaka mwisho inafunguka hadi f/6.3 tu, yaani tundu dogo sana la kupitisha mwanga. Forodhani usiku, mpishi anageuza mishikaki chini ya taa moja, ISO, yaani kiwango cha kamera kujikuzia mwanga, inapanda hadi 12800, picha inajaa chembechembe na mkono wake bado unatoka ukungu. Nikafunga RF 50mm f/1.8 (RF ni aina ya lenzi zinazoingia kwenye kamera hii), lenzi ya gramu 160, na palepale, taa ileile, ISO ikashuka hadi karibu 1000. Si miujiza: f/1.8 inapitisha mwanga takriban mara 12 zaidi ya f/6.3. Moshi ukaonekana moshi, na mafuta yakaonekana yakimeta juu ya nyama.

Ila 50mm kwenye sensa ya ukubwa huu inakaza, inaona kama 80mm, yaani eneo dogo tu la mbele yako. Kwa uso wa bibi harusi ni tamu mno. Kwa chumba cha usiku wa hina, akina mama wamebanana mikekani na fundi wa hina yuko katikati, mgongo wako utagonga ukuta na bado hujawapata wote. Hapo natumia RF 28mm f/2.8, nyembamba, gramu 120, naisogeza mpaka naona ncha ya hina mbichi inavyopita kidoleni. Bibi mmoja aliniuliza huku amejitanda ushungi vizuri, "Mwanangu, hizi haziendi mtandaoni?" Nikamjibu, "Haziendi, bibi. Kadi naitoa mbele yako, namkabidhi mwenye shughuli." Ukweli, hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kutumia kamera badala ya simu kwenye shughuli za namna hii. Picha zinakaa kwenye kadi, na kadi ina mwenyewe.

Jambo moja la kuangalia kabla ya kununua flashi: R50 ina kiatu kipya cha juu, mahali pa kufungia flashi, kisicho na pini zile za zamani. Flashi za kawaida za Canon, hata uliyoazima kwa kaka yako, zinahitaji kipande cha AD-E1 katikati. Ulizia bei yake mapema.

Kuhusu bei, ilipotoka mwaka 2023 Marekani iliuzwa dola 679.99 bodi tupu na 799.99 pamoja na lenzi. Kama hiyo iko mbali, zipo zilizotumika. Canon M50 ya mwaka 2018 ni nzuri mkononi, lakini lenzi zake ni za EF-M, familia ambayo Canon imeshaiacha, na hazifungi kwenye kamera mpya. Ichukue ikiwa tu unajua utaridhika na lenzi utakazozikuta nayo. Sony a6000 ya mwaka 2014 bado inapiga picha safi na lenzi zake ni nyingi, ila haina skrini ya kugusa wala tundu la maikrofoni. Na ukiambiwa, "Dada, hii imetoka Japani, mali safi," iwashe kwanza ufungue menyu. Sony nyingi zilizotengenezewa soko la Japani zina Kijapani kitupu, na hakuna mahali pa kubadilisha lugha.

Lenzi iliyotumika imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hilo ni kuvu, iache. Unyevu wa kwetu unalilea haraka, kwa hiyo zangu nazilaza kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Nikitoka ufukweni napangusa chumvi kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha kikavu, ndipo naifungua lenzi. Kinachofuata kwenye orodha yangu ni Sigma 18-50mm f/2.8, iliyotoka kwa kamera hizi mwaka 2024, maana hiyo moja itanipunguzia kubadilisha lenzi katikati ya ngoma.