Kuuza Sarafu na Stempu za Kale Kutoka Mombasa: Tathmini ya eBay na Delcampe kwa Muuzaji Mdogo

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikiwauzia wakusanyaji wa ng'ambo sarafu, stempu na postikadi za zamani za Afrika Mashariki, na vyombo vyangu vya kazi ni meza moja, mizani ya sonara, kioo cha kukuzia na simu yenye kamera nzuri. Bidhaa hutoka kwa watu wa hapa hapa: sanduku la marehemu lililofunguliwa baada ya matanga, kopo la vifungo la bibi, au masonara wa Mji wa Kale ambao siku hizi hunipigia simu kabla ya kuyeyusha sarafu za madini ya fedha. Sonara mmoja wa Kibokoni aliniambia tulipoanza kufahamiana, "Mwanangu, kwangu mimi fedha ni fedha, haina mwaka." Riziki yangu imo katika tofauti iliyopo kati ya bei anayonitajia yeye kwa gramu na bei ambayo mkusanyaji wa Ujerumani au Uingereza yuko tayari kuitoa kwa ajili ya mwaka na alama ndogo zilizopigwa juu ya fedha hiyo.

Mkusanyaji huyo simpati Mombasa. Nimemfikia kupitia masoko mawili ya mtandaoni, na hayo ndiyo ninayoyatathmini hapa. La kwanza ni eBay, iliyoanzishwa California mwaka 1995 na Pierre Omidyar kama tovuti ya minada na ambayo leo huuza karibu kila kitu. La pili ni Delcampe, soko la Ubelgiji lililoanza mwaka 2000 na linaloshughulika na vitu vya wakusanyaji tu. Ninayapima kwa jicho la mtu mwenye bidhaa mia mbili au mia tatu, asiye na mfanyakazi, ambaye anashindana na maduka yenye makumi ya maelfu ya matangazo.

Nianze na eBay, kwa kuwa ndiyo ambayo wengi huikimbilia. Ukubwa wake ni faida isiyopingika. Sarafu ambayo wanaoitafuta duniani hawazidi watu ishirini itapata mmoja wao pale kuliko mahali pengine popote, na mnada wake bado ni njia bora ya kuuza kitu ambacho hata wewe mwenyewe hujui bei yake, mradi wawepo wawili wanaokitaka. Niliwahi kuweka shilingi ya Afrika Mashariki yenye alama ya H, ile ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, nikaanzisha dau kwa dola mbili, na wanunuzi wawili wakaipandisha hadi bei ambayo nisingethubutu kuiandika mwenyewe.

Shida huanza pale unapouza vitu vya kawaida, na muuzaji mdogo huishi kwa vitu vya kawaida. Mnunuzi anapotafuta, matokeo hayapangwi kwa bei wala kwa tarehe ila akichagua mwenyewe. Hupangwa kwa hesabu za tovuti, zinazotazama pamoja na mengine jinsi tangazo na muuzaji wake wanavyofanya. Juu ya hapo, tangu mwaka 2015 muuzaji anaweza kulipa asilimia ya ziada ya bei ili tangazo lake lisogezwe mbele. Hakuna anayelazimishwa, lakini wenye maduka makubwa wakishalipa wote, asiyelipa anajikuta ukurasa wa nne, ambako watu wachache sana hufika.

Mfano ulio wazi ni senti kumi ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo aling'atuka Desemba 1936 kabla ya kutawazwa, na kwa sababu sarafu hii yenye tundu katikati haikuwa na picha ya kichwa, ilikuwa imeshapigwa na kutumika huku Uingereza kwenyewe sarafu zake hazijaingia sokoni. Kisa chake ni kizuri, lakini sarafu yenyewe zilipigwa kwa mamilioni, na hapa pwani nimeziona zimefungwa kwenye uzi kama shanga. Ukiitafuta eBay utakuta tangazo moja baada ya jingine likiiita adimu sana na kuitaka bei mara kumi au ishirini ya thamani yake, na mengi ya matangazo hayo yamelipiwa yakae juu. Mimi nilipokuwa nikiiuza huko niliandika kwamba ni ya kawaida, nikaeleza kama ina herufi H, au KN ya kiwanda cha King's Norton, au haina herufi, nikaiweka kwa bei yake ya haki, na mara nyingi tangazo langu halikuguswa, kwa sababu mnunuzi mgeni aliyeshaona bei ya juu huishuku bei ya chini. Hilo hunisumbua kuliko ada yoyote, maana mtu anayeanza kukusanya akishalanguliwa mara moja hutuona wauzaji wote kuwa wamoja.

Kuhusu ada, jambo ambalo muuzaji wa Afrika Mashariki anapaswa kulielewa kabla ya kuweka tangazo la kwanza ni kwamba eBay hukata kamisheni yake juu ya jumla yote anayolipa mnunuzi, gharama ya posta ikiwemo. Kwa Marekani, muuzaji asiye na duka la kulipia hukatwa zaidi ya asilimia 13 kwa aina nyingi za bidhaa. Tuseme sarafu ni dola 6 na posta ya rejista ni dola 7. Asilimia 13 ya dola 13 ni dola 1.69, na hiyo ni zaidi ya robo ya bei ya sarafu yenyewe, kabla ya ada ya kila oda, kabla ya tangazo la kulipia, na kabla ya hasara ya kubadilisha fedha. Mshindani wangu aliyeko Uingereza hubandika stempu ya bei ndogo kwenye bahasha, kwa hiyo kwa sarafu ile ile, kwa bei ile ile, yeye anabaki na faida na mimi ninabaki na risiti ya posta. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na baada ya mwaka wa kwanza wa kuandika kila senti daftarini niliacha kabisa kuuza eBay kitu chochote cha chini ya dola 15.

Jambo la pili ni tathmini za wanunuzi. Tangu mwaka 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumpa mnunuzi alama mbaya, hata afanyiwe nini. Naelewa sababu yake, kwa kuwa zamani wauzaji walikuwa wakilipiza kisasi, lakini alama moja mbaya kwa mwenye mauzo elfu hamsini ni tone baharini, na kwa mwenye mauzo mia moja na ishirini ni doa linaloonekana mwaka mzima.

Delcampe ni mahali pa aina nyingine. Bidhaa zimepangwa kwa nchi, kipindi na aina, na anayefika kwenye sehemu ya Kenya, Uganda na Tanganyika hakuja kwa bahati. Amekuja akijua anachokitafuta. Hapo ndipo ujuzi wa muuzaji mdogo unapolipa. Nichukue stempu za Kenya na Uganda zilizotolewa kuanzia mwaka 1922, ambazo thamani zake zilipanda hadi pauni 100. Zile za bei kubwa zilitumika zaidi kulipia ushuru wa hati za ardhi na mikataba kuliko kusafirishia barua, na stempu iliyofutwa kwa wino wa ofisi ya ushuru huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya ile iliyopita posta. Kwa hiyo wako wanaousafisha wino huo na kugonga muhuri wa posta wa kughushi. Ninapoipata stempu ya namna hiyo huiinamisha chini ya taa, nikaitazama upande kwa upande mpaka nione kama kuna kivuli cha zambarau kilichobaki kwenye nyuzi za karatasi, kisha picha ya kivuli hicho naiweka kwenye tangazo na kuandika wazi kwamba imesafishwa. Kwenye Delcampe wako wanunuzi wanaotaka stempu hizo za ushuru kwa ajili ya kuwa za ushuru, na mmoja wao aliniandikia kunishukuru kwa kumwonyesha. Kwenye eBay tangazo kama hilo lilikaa miezi minane bila kuulizwa swali hata moja.

Postikadi ndiyo nguvu nyingine ya Delcampe. Picha za wapiga picha wa zamani A. C. Gomes na ndugu Coutinho wa Zanzibar, au kadi inayoonyesha trola za Mombasa, vile vigari vya kusukumwa na watu juu ya reli nyembamba, huondoka kwa bei nzuri, na wanunuzi wengi ni Wafaransa, Wabelgiji na Wajerumani wanaosoma maelezo hadi mwisho. Huuliza kuhusu muhuri wa nyuma na kona iliyokunjika. Ukiwajibu kwa ukweli hurudi.

Upungufu wake upo. Mauzo ni ya polepole, na mtu anayehitaji fedha ya karo mwezi huu asiitegemee. Kwa sarafu, wanunuzi ni wachache kuliko wa stempu na postikadi, na Wamarekani ni haba.

Masoko yote mawili hayakuepushi na sheria ya kwetu, na hapa nawasihi wenzangu wawe makini. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya Kenya ya mwaka 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Maana yake ni kwamba ile pesa ya shaba ya mwaka 1888 ya kampuni ya Imperial British East Africa, yenye jina la Mombasa limeandikwa juu yake, siiweki sokoni, ilhali wauzaji wa Ulaya wanaiuza kila wiki. Inauma kuona sarafu ya mji wangu ikipita mikononi mwa kila mtu isipokuwa yangu, lakini naona sheria hiyo ni ya haki, na nimebaki na heller, sarafu za koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki zilizoanza mwaka 1904, na sarafu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1919.

Forodha za wanunuzi nazo zimebadilika. Tangu Julai 2021 Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa kodi kwa vifurushi vya chini ya euro 22, na tarehe 29 Agosti 2025 Marekani ikaondoa msamaha wake wa vifurushi vya hadi dola 800, hata posta za nchi nyingi zikasimamisha kwa muda kupeleka vifurushi huko. Maduka makubwa yana watu wa kushughulikia makaratasi hayo. Mimi humwandikia mnunuzi kabla hajalipa, nikamweleza kwamba kodi ya kwao ni juu yake, na kama sivyo aniambie nifute oda.

Ulinzi wa muuzaji ndio kipimo changu cha mwisho. Wakati fulani nilikuwa nikiuza pia katika soko la tatu, ambalo sitalitaja jina, na huko nilimuuzia mtu shilingi ya mwaka 1922 ambayo manyoya ya simba aliyechorwa juu yake yalikuwa bado yanahesabika. Baada ya wiki tatu alidai kwamba haikufanana na picha, akarudisha, na nilipoifungua bahasha nilikuta shilingi ya mwaka huo huo iliyosagika hadi simba amebaki umbo tu. Niliipima: yangu ilikuwa gramu 7.77 na hii ilikuwa gramu 7.5. Nilituma picha za mizani na soko likaamua kwa upande wa mnunuzi ndani ya siku moja, bila kuniuliza neno. Tangu siku hiyo hupiga picha ya pande zote mbili na ya ukingo, nikatafuta mkwaruzo au pengo lolote dogo na kuliandika kwenye tangazo pamoja na uzito. Kwa utaratibu huo, eBay na Delcampe zote zimenisikiliza kila nilipopata mgogoro, ingawa eBay hutaka zaidi namba ya kufuatilia kifurushi kuliko maelezo, na ndiyo sababu sipeleki kitu kwenye kaunta ya posta ya Digo Road bila rejista.

Kwa muuzaji mdogo wa sarafu na stempu aliye pwani yetu, ningeipa Delcampe nyota nne kati ya tano na eBay nyota tatu. Kwa sasa stempu zangu zote, postikadi zote na sarafu za bei ndogo ziko Delcampe, na eBay nimebakiza sarafu thelathini hivi za bei ya juu, ambazo naziweka mnadani moja moja mwisho wa mwezi. Siku eBay itakapoacha kukata kamisheni juu ya fedha ya posta, ambayo mimi siioni hata kwa usiku mmoja, nitazirudisha na zile za dola 6.