ufw: wateja waliingia, mimi mwenye duka nikabaki nje

Naanza na simu, maana ndiyo inayoniuma mpaka leo. Nampigia fundi, namwambia seva imenikatalia kuingia. Akacheka. "Papa, inatumika muzuri. Njo kazi yake, kukatala batu." Mimi ninayeilipia kila mwezi, eti nami ni batu.

Alikuja ofisini kwangu, hapa Kamalondo, Lubumbashi, akaniwekea ufw, programu ya faiwoli, yaani ya kulinda milango, kwenye seva ninayokodi Ulaya, ile yenye tovuti ya duka langu la vipuri. Dakika kumi, dola hamsini. Faiwoli hii si ngumu: kila kinachogonga kutoka nje kinakataliwa, kisha unaruhusu mlango mmoja mmoja. Akafungua 80 na 443, ya wateja. 22, wa SSH, njia ya kuiendesha seva kwa mbali, yaani mlango wangu mimi, akausahau. Na ufw ilimuuliza kabla ya kuwaka: huenda miunganisho ya SSH ikavurugika, niendelee? Akabonyeza y kama mtu anayeua mbu.

Hatukugundua palepale kwa sababu muunganisho uliokwisha kufunguka uliachwa uendelee. Dirisha langu jeusi la kuandikia amri likajibu mchana kutwa, nami nikamsifu kijana mbele ya mke wangu. Jioni umeme ukakatika, modemu ikazima. Uliporudi, nikagonga: kimya. Wala sikuambiwa "hapana", ni kusubiri tu mpaka muda unaisha. Tovuti ya duka wakati huo inafunguka vizuri kabisa! Nikaizima seva, nikaiwasha. ufw ikaamka pamoja nayo.

Ikabaki konsoli ya mwenye seva, ile unayoifungua kwenye kivinjari, isiyopita kwenye faiwoli. Naandika root, jina la mtumiaji mkuu wa seva, inakubali. Naandika nenosiri, inakataa. Mara tatu, mara nane. Nenosiri halionekani unapoliandika, basi nikaamini kijana amelibadilisha, na hapo nilimtukana kwa lugha zote ninazozijua. Usiku wa manane, kwa hasira tu, nikaandika "mama" pale pa jina la mtumiaji. Ikatokea ;q;q. Kibodi yangu ni AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, kama za wengi hapa mjini, na konsoli ilikuwa inasoma QWERTY, ule wa Kiingereza. Herufi za root zimekaa mahali pamoja kwenye zote mbili, ndiyo maana sikushtuka.

Nilikuwa nimepanga kuipa ufw nyota moja. Lakini nilipoingia nikafungua kumbukumbu za seva: wageni wamekuwa wakigonga mlango 22 usiku na mchana tangu nilipoikodi, wakijaribu root na majina mengine kibao. Sasa nimeuwekea amri ya limit: anwani inayogonga mara sita ndani ya sekunde 30 inazuiwa. Nimelala. Basi nyota nne.

Ila hapana, tatu. Inaona kabisa kwamba mtu ameingia kwa SSH, inauliza swali lake la y au n, halafu inamfungia! Ingekuwa mlinzi wa getini ningemfukuza siku hiyohiyo.

Kijana je? Juzi ameniandikia: "Papa, hauna mutu mwingine mwenye seva?" Dola zangu hamsini hakuzitaja.