Rolibaa ya MX-5: pima kichwa kwanza, hela baadaye

Malalamiko ni yaleyale. Mtu kanunua Mazda MX-5 kuukuu, lile gari dogo la wazi la viti viwili, NA au NB (kizazi cha kwanza au cha pili), kaambiwa gari la wazi bila rolibaa, yaani tao la chuma nyuma ya viti la kukinga vichwa gari likipinduka, ni kaburi, kaagiza, fundi kafunga. Wiki haijaisha, kapita tuta kwa haraka na kisogo kikagonga chuma. Kapata nundu. Sasa anauliza aongeze sponji gani. Swali hilo lilitakiwa liulizwe kabla ya kulipa, kwa hiyo tuanzie hapo hapo, kisogoni.

Rangi, uzito na muonekano utasoma kwingine. Kwamba NA ya 1989 hadi 1997 na NB iliyofuata kwa kawaida hazikutoka kiwandani na tao lolote nyuma ya viti, hilo unalijua. Ndiyo maana unatafuta. Ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba rolibaa imebuniwa kwa mtu aliyevaa helmeti, aliyebanwa kwenye kiti cha mbio kisichopinda. Wewe unakwenda kazini kichwa wazi, kwenye kiti cha kawaida. Ukigongwa kwa nyuma, egemeo la kiti hulala kidogo, mwili hupanda juu ukiteleza kwenye egemeo hilo, na kichwa huja nyuma na juu kwa pamoja. Kikikuta bomba la chuma njiani, ajali ambayo ungetoka nayo na maumivu ya shingo inakuwa ya fuvu.

Kwa hiyo pima. Kaa kama unavyoendesha kweli, si kama unavyokaa ukipigwa picha, mkanda umefungwa. Mwenzio apime kutoka kisogoni hadi tao litakapopita. Muuzaji wa maana atakupa mchoro wenye vipimo. Asiyekuwa nao mwachie bomba lake. Kwenye kipimo hicho toa sentimita mbili na nusu za pedi. Kisha nyoosha shingo nyuma, halafu ulaze kichwa upande wa mlango, kwa sababu pale juu ya bega ndipo tao linapopinda kushuka, na pembe hiyo wengi huisahau. Ikibaki nafasi isiyopitisha ngumi, rolibaa hiyo si yako.

Kimo nacho kina kipimo chake cha zamani: mti wa ufagio. Ulaze kutoka juu ya tao hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele, ukae na helmeti. Helmeti ikigusa mti, gari likipinduka kitakachobeba uzito ni shingo yako. Waandaaji wengi wa siku za mbio Marekani hudai helmeti ikae inchi mbili, yaani sentimita 5, chini ya mstari huo. Kwa mrefu, dawa ya bei nafuu ni kufungua kitambaa cha kiti na kukata sponji ya kukalia kwa kisu cha mkate. Sentimita mbili tatu hupatikana bila kuharibu kiti.

Sasa pedi. Zile nyeusi laini za kuvalishia mabomba ya maji tupa. Bonyeza kwa kidole gumba: kikizama hadi ukahisi chuma, kichwa nacho kitafika kwenye chuma. Inayotakiwa ni ngumu kama soli ya kiatu, imeandikwa SFI 45.1 au FIA 8857-2001, yaani viwango vya usalama vya mbio: SFI ni vya Marekani, FIA ni vya shirikisho la kimataifa la magari. Ile ya SFI 45.2 ina umbo la upinde na tabaka laini juu ya gumu, na kwa gari la barabarani ndiyo ningelipia. Lakini hata hiyo haigeuzi umbali mbaya kuwa mzuri. Kichwa kisicho na helmeti kikiipiga, bado ni pigo.

Upande wa chapa, sijifichi: napendelea Hard Dog ya Marekani. Wametengeneza rolibaa za MX-5 kwa miaka mingi, turubai (paa la kitambaa la kukunja) linabaki likifanya kazi, na unaweza kuchagua yenye bomba la mshazari. Chukua yenye mshazari, hata mmoja. Tao lisilo na mshazari likisukumwa kutoka ubavuni hulala kama fremu ya mlango isiyokazwa. Kasoro ya Hard Dog ni kimo: mtu mrefu sana ataishia kukata sponji ya kiti.

Kwa huyo mrefu, nafasi ya pili ni Blackbird Fabworx, nao wa Marekani. Tao limepandishwa na kazi ya kuchomelea ni safi, ila hakikisha kwanza kwamba unayoagiza inakubali turubai, maana baadhi ya matao marefu yamekusudiwa paa gumu tu.

Ukiwa Uingereza usijitese na meli. TR Lane na Safety Devices wako hapo hapo, na unaweza kwenda kupima ana kwa ana. Ukishafunga, iarifu kampuni ya bima. Hayo ni marekebisho ya gari, na usipoyataja unawapa sababu ya kukataa kulipa.

Rolibaa za bei ya kutupa ni za aina mbili. Ya kwanza ni vile vitao viwili vinavyong'aa, vimefungwa kwa bolti za mikanda tu. Hilo ni pambo. Ya pili ni kuchongesha kwa fundi wa jua kali, na hapa shida haiko kwenye mkono wake, iko kwenye bomba. Kanuni za FIA kwa tao kuu zinadai chuma kisicho na mshono kilichovutwa kikiwa baridi, cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, kikunjwe kikiwa baridi, na kona iwe na nusu kipenyo isiyopungua mara tatu ya upana wa bomba. Bomba la maji la mabati lina mshono, na zinki yake huharibu weldi na kumtesa fundi kwa moshi. Ukiona kona imejikunja makunyanzi au imebonyea kama mrija wa plastiki uliokanyagwa, usipokee.

Kinachokera zaidi ni bei ya tangazo. Unaona tao kwa dola mia kadhaa, unafurahi. Ukifika malipo, pedi ni pembeni, mshazari pembeni, na boksi linatozwa usafiri kwa ukubwa wake, sio uzito, kwa hiyo unalipia hewa iliyo katikati ya tao. Halafu muuzaji huyo huyo anakutumia pedi laini ya bure kama zawadi!

Kufunga ni kazi ya watu wawili na siku nzima. Toa waya wa betri kwanza. Kwenye NA na NB iko buti. Fungua viti, bolti nne kila kimoja, spana ya 14. Toa zulia la nyuma na plastiki za pembeni, shusha turubai, funika bodi kwa blanketi, kisha ingizeni tao kutoka juu. Lisimamishe bila kutoboa chochote. Rudisha kiti kimoja, pandisha na ushushe turubai mara tatu, vuta mkanda wa kiwandani uone haukwaruzi bomba. Kosa likionekana hapa halina gharama.

Ndipo uweke alama, utoe tao, utoboe. Tangi la mafuta liko nyuma ya viti, chini ya rafu unayoitoboa, na chini kuna pia paipu za mafuta na za breki. Zungusha tepu kwenye biti ili isizame zaidi ya inavyohitajika, na mwenzio awe chini na tochi. Anza na biti ya milimita 4, kisha panua. Makali yasawazishe, paka praima, ngoja ikauke. Tundu lisilopakwa huota kutu msimu mmoja.

Chini ya bodi lazima kuwe na bamba la kuegemea. FIA inataka kila mguu wa tao kuu uwe na bamba la sentimita 120 za mraba, unene milimita 3, na bolti tatu za M8 (kipenyo milimita 8) au zaidi, daraja 8.8 la ugumu. Washa, kile kipete cha bolti, ikiwa peke yake bila bamba hupasua bati na kuchomoka nalo. Shika bolti zote kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza: takriban Nm (nyutonmita) 25 kwa M8, 50 kwa M10, isipokuwa karatasi ya mtengenezaji iseme vingine.

Na kata zulia pale miguu inapokalia. Mafundi wengi huliacha ili pasionekane pabaya, zulia linabonyea taratibu, bolti zinalegea, na baada ya mwezi mwenye gari anasikia mlio wa kugongagonga nyuma na kudhani ni shokomzoba. Chuma kikae juu ya chuma, na baada ya kilomita 500 urudie kukaza.