Tabora hadi Kwihara kwa miguu: njia inalipa kuliko makumbusho

Wengi wanaokwenda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye makumbusho ya David Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa Kiskoti, hupanda bodaboda mjini, wakapiga picha mbele ya mlango wa nakshi, wakarudi. Kwa mwendo huo makumbusho yanaisha chini ya saa moja, na mtu anabaki kujiuliza alifuata nini. Hapa tunapima kitu kingine: kwenda kwa miguu na kurudi, siku moja, kwenye kipande cha njia ya kati ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, kama kilomita 1,200. Tangu 2006 njia hiyo imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania ya kuombewa Urithi wa Dunia, na Kwihara ni mojawapo ya vituo vyake.

Kwa kifupi: mtembeo wenyewe ni mzuri sana, makumbusho ni ya wastani, huduma za njiani ni zile utakazobeba mwenyewe.

Kutoka katikati ya mji hadi Kwihara ni kilomita 6 hadi 8, kutegemea unaanzia wapi. Unashika barabara ya Kipalapala, kisha unachepuka. Hakuna vibao vya watembeaji wala alama za rangi kwenye miti, kwa hiyo pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, na kwenye kila njia panda uliza "kwa Livingstone". Usiulize "ni mbali?", utaambiwa "hapo tu". Uliza mtu wa miguu hutumia muda gani. Ukikuta wazee, shikamoo kwanza, maelekezo baadaye. Ukiweza kutupia "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, utaelekezwa hadi utachoka kusikiliza.

Nchi ni tambarare, mita 1,200 hivi juu ya bahari, kwa hiyo hakuna kupanda kunakokata pumzi. Kinachochosha ni mchanga. Kwenye udongo mgumu mtu wa kawaida anakwenda kilomita 4 kwa saa. Kwenye mchanga uliolegezwa na magurudumu hushuka hadi 3, na mashavu ya miguu ndiyo ya kwanza kulalamika. Tembea ukingoni, penye nyasi fupi, au kwenye kijia chembamba cha baiskeli kinachokwenda sambamba na barabara. Wapanda baiskeli wenye mizigo walishatafuta pagumu kabla yako.

Saa ya kuondoka ndiyo inayoamua siku yako. Tabora iko magharibi, jua lake linachomoza kama dakika 25 baada ya la Dar es Salaam, na linafika utosini karibu na saa saba mchana. Mgeni anayepanga kurudi "kabla jua halijawa kali", yaani saa saba, ndiye anayelipata lote. Ondoka saa 12 na nusu asubuhi, fika Kwihara saa 3, kaa huko kivulini, kisha ama urudi kabla ya saa 5 ama usubiri hadi saa 10 jioni. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba kilo 30 hivi kila mmoja, walikwenda hivyohivyo: mwendo alfajiri, kambi kabla ya adhuhuri. Ukitembea muda mwingine unapata tabu ambayo wao walishaikataa.

Msimu mzuri ni Juni hadi Agosti. Asubuhi ni baridi ya sweta, mchana unavumilika, vumbi lipo. Septemba na Oktoba ni joto, na moto wa mashamba unajaza anga moshi. Mwenye pumu aache. Mvua za Novemba hadi Aprili zinabadilisha kazi yote: mchanga unashikana na kutembeka vizuri kuliko kiangazi, lakini mbuga, yale mabonde ya udongo mweusi yenye majaruba ya mpunga, zinanata hadi kiatu kinabaki nyuma. Faida ya miezi hiyo ni maembe. Tabora imejaa miembe, na mingi ya ile mikongwe watu huihusisha na misafara. Desemba huna haja ya kubeba matunda. Usiokote bila kuuliza, hata kama yamezagaa. Mti una mwenyewe.

Viatu. Katambuga, zile ndara za tairi, ni bora kiangazi: mchanga unaingia na kutoka, mbigili haitoboi soli. Ubaya wake ni mkanda mpya, unaochubua juu ya kidole gumba ndani ya nusu saa. Zivae wiki nzima nyumbani kwanza, au paka mafuta mkanda hadi ulegee. Raba za kawaida hujaa mchanga, na soksi nyembamba ikikunjana hapo unapata lengelenge. Vaa soksi nene, simama kila baada ya saa moja uzikung'ute. Buti za mvua zinafaa kwa kuvuka mbuga tu, maana kwenye mkavu zinapika miguu.

Maji ni lita 3 kwa mtu kiangazi, na chumvi kidogo kwenye chupa moja. Chakula kizuri cha njia hii kinauzwa sokoni na wengi hawakitazami: matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa. Chagua vyenye rangi ya kahawia inayong'aa, vinavyopinda kidogo kabla ya kuvunjika. Vyenye unga mweupe unaonuka ukungu, acha. Kipande kimoja kinawekwa shavuni, kinalainika taratibu, utamu unatoka bila kukuletea kiu ya biskuti. Gramu 200 pamoja na konzi mbili za karanga zinatosha hadi mchana. Michembe ni kitu kingine: hiyo hukatwa mibichi, inataka kupikwa, usiinunue kwa ajili ya njiani.

Vya kuangalia. Mizinga ya magome iliyotundikwa juu ya miti ni mali ya mtu na ina wenyewe ndani. Pita kimya, bila manukato. Nyuki wakikuanza, funika uso na ukimbie moja kwa moja, usipigepige mikono, kisha kwangua miiba kwa ukucha haraka. Upupu hukauka kiangazi pembeni mwa vijia: ukikugusa usikune, bandika seloteipu au donge la ugali na kubandua, nywele zitoke nazo, ndipo unawe. Mbung'o si tatizo karibu na mji, ila ukipanga kuendelea kwenye misitu ya kusini, acha nyumbani nguo nyeusi na za buluu iliyokoza, ndizo zinazowaita.

Sasa makumbusho. Ni tembe, nyumba ya udongo ya paa bapa yenye ua katikati, iliyojengwa upya kwa kufuata ile ya wafanyabiashara wa Kiarabu. Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta Livingstone, alikaa Kwihara 1871 akielekea Ujiji, akashindwa kupita njia fupi kwa sababu Mirambo, mtawala wa Kinyamwezi, alikuwa ameifunga, akazunguka kusini. Februari 1872 alirudi hapa na David Livingstone. Stanley akaondoka Machi. Livingstone akangoja wapagazi wa kutumwa kutoka pwani hadi Agosti. Oktoba 1873, baada ya Livingstone kufa, watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakapita hapa na maiti yake wakielekea Bagamoyo. Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone, alishauri azikwe hapahapa, wakakataa. Kwetu hicho ndicho kisa kikubwa cha Kwihara, kuliko kile cha Stanley kukutana na Livingstone Ujiji, na mwenye kuja aje akikijua, maana picha na ramani za ukutani pekee hazitamsimulia.

Usikimbilie picha hizo. Ingia, simama, uache macho yazoee giza, kisha tazama juu: boriti zimepangwa karibukaribu, juu yake fito, juu ya fito udongo. Kuta ni nene kiasi kwamba ukitoka juani unausikia ubaridi mgongoni. Udhaifu wa paa bapa la udongo nao unaeleweka hapohapo: hupasuka kwa jua, mvua ya kwanza ikapenya kwenye ufa, na paa lisiposilibwa kila mwaka boriti huoza kuanzia zilipoingia ukutani. Weka kiganja kwenye nakshi za mlango ukipenda, ila usiegemee.

Beba noti ndogo za kiingilio, na uliza kiwango kabla ya kuanza kuzungushwa. Mwombe mtunzaji akueleze njia ya misafara ilikopita, si Livingstone tu. Maelezo hubadilika na kuwa marefu na matamu. Kula na kulala ni mjini, kwa hiyo usifike na njaa.

Kurudi kwa bodaboda si aibu. Patana bei kabla ya kupanda, na kama ni mchana wa Oktoba, mwambie dereva mapema asubuhi aje kukuchukua, uwe na namba yake.

Mjini watakuuzia asali. Ya misitu ya huku ni nzuri kweli, lakini onja kwanza: ikiwa na ladha ya moshi, mrinaji alizidisha moto, na ladha hiyo haitoki. Ikiwa imeganda chini ya chupa, hiyo si lazima iwe sukari iliyoongezwa, asali huganda yenyewe. Iweke kwenye maji ya vuguvugu, si ya kuchemka. Kwa safari ya treni au basi, weka nailoni kati ya mdomo wa chupa na kifuniko, kaza, na ibebe wima.